Jina la Mzizi: Kiswahili na Utafiti wa Tiba Asili baina ya Kariakoo na Muhimbili

Kutoka Soko la Kariakoo hadi Muhimbili ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu anayetembea bila haraka. Katika mitaa inayolizunguka soko, magome, mizizi, mbegu na unga wa dawa huuzwa kwa majina ya Kiswahili, Kizaramo, Kizigua, Kisukuma na ya lugha nyingine nyingi za nchi. Katika maabara ya Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, mzizi uleule huandikwa kwa jina la Kilatini, hukamuliwa kwa kemikali, hupimwa, na taarifa yake hutolewa kwa Kiingereza. Kinachosafiri baina ya vituo hivi viwili kabla ya kitu kingine chochote ni jina. Mtafiti huuliza mti unaitwaje, na jibu analopewa ndilo linaloamua atakwenda porini kutafuta nini.

Historia ya utafiti wa tiba za jadi nchini Tanzania aghalabu husimuliwa kama historia ya maabara, nayo huanzishwa mwaka 1974. Ikisimuliwa kama historia ya maneno, huanza mapema zaidi, na wanaoonekana ndani yake ni watu wa namna nyingine: wamisionari waliokusanya msamiati pamoja na majani, watunga sheria waliotafsiri wasichokielewa, wachuuzi wa sokoni waliolazimika kukipa kila kitu jina linalouzika. Hapo hudhihirika pia jambo ambalo maabara ilichelewa kulishughulikia. Jina likikosewa, utafiti wote uliojengwa juu yake huwa ni utafiti wa mti mwingine.

Neno la kwanza kuangaliwa ni mganga. Mzizi wake umeenea katika lugha za Kibantu toka magharibi mwa Kongo hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Katika Kiswahili kuganga si kutibu tu, bali pia ni kuunga kilichovunjika na kufunga kilicholegea, na methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, imehifadhi maana zote mbili kwa pamoja. Kando ya neno hili Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu tabibu, tiba, dawa na maradhi. Katika miji ya pwani maneno hayo hayakugombana. Mtu mmoja aliweza kuchimba mizizi, kuandika kombe kwa zafarani na kupiga ramli, na mgonjwa hakumuuliza ni kazi ipi kati ya hizo iliyotoka bara na ipi iliyoletwa na jahazi. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, na ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, uganga na pepo vimeelezwa kwa Kiswahili na mtu aliyekulia humo. Ni mojawapo ya maelezo ya mwanzo ya kina ya tiba za Mrima yaliyoandikwa kwa lugha ya wenye tiba. Inafaa ikumbukwe kwamba yalichapishwa ili yasomwe na wanafunzi wa Kijerumani.

Utawala wa Waingereza ulikuja na neno lake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliandikwa kwa Kiingereza, na fasili yake ya uchawi ilitandaza wavu mpana uliowanasa hata wale wanaodai kuwa na nguvu au maarifa yaliyofichika. Kwa Mswahili, mchawi na mganga ni watu wawili wanaopingana, kwani mmoja huroga na mwingine hugangua. Mbele ya hakimu tofauti hiyo ilififia, kwa kuwa anayedai kuweza kumfichua mchawi kwa ramli naye anadai maarifa yaliyofichika. Lugha iliyokuwa na maneno mawili ikawa inatawaliwa na sheria yenye neno moja.

Wakati huohuo, tiba ya serikali ilihitaji majina ya watumishi wake, na haikusita kulichukua neno lilelile lililotiliwa shaka. Hadi leo daktari mkuu wa nchi huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoa una Mganga Mkuu wa Mkoa, na kituo cha afya kina Mganga Mfawidhi. Hakuna kati yao anayehitaji kivumishi. Mwenye neno tangu zamani ndiye aliyebaki na vivumishi, akawa mganga wa kienyeji, kisha mganga wa jadi, kisha mtaalamu wa tiba asili. Kienyeji ni neno linalotokana na mwenyeji, yaani mwenye mji, na kwa haki lilistahili kuwa neno la heshima. Sokoni kuku wa kienyeji alipandishwa bei. Mganga wa kienyeji akateremshwa hadhi.

Majina ya mimea yalikuwa na historia tofauti, na kwa muda fulani ilikuwa njema. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika Zanzibar mwaka 1879 na kufanya kazi huko na Bagamoyo, alikuwa mwanaleksikografia na mwanabotania kwa wakati mmoja. Alikausha mimea na kuipeleka Ufaransa, na jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, ikapewa jina lake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, ina hazina ya majina ya miti pamoja na majina yake ya kitaalamu. Hakuandika tu kile alichoambiwa, bali alilioanisha neno na jani. Katika miaka hiyohiyo P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani huko Usambara mwaka 1902, alitayarisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1937 na la pili mwaka 1940. Kazi hiyo ilimwongoza msomaji kutoka Kiswahili kwenda jina la kitaalamu. Aliyelijua jina la mti kwa Kiswahili aliweza kuanzia hapo alipo.

Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili zilizofuata hazikuiendeleza njia hiyo kwa uzito uleule. Msomaji anayetafuta jina la mti wa dawa mara nyingi huambiwa kwamba ni aina ya mti, pengine kwa nyongeza kwamba mizizi yake hutumika kwa dawa. Fasili ya namna hiyo si ya uongo, lakini haimsaidii anayeshika mizizi miwili mikononi na kutaka kujua ni upi utakaomponya na upi utakaomdhuru. Wanaleksikografia wana utetezi wao: kamusi ya jumla si kitabu cha botania. Utetezi huo ungekuwa na nguvu zaidi kama kitabu hicho cha botania kingekuwapo kwa Kiswahili.

Kariakoo yenyewe ni jina lililogangwa. Wajerumani walijenga hapo jumba la soko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na maonyesho ya mwaka 1914 yalipotarajiwa kufanyika, vita vikaingia. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, mahali hapo palitumiwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya watu wa mji ikalitengeneza jina hilo likawa la Kiswahili. Wapagazi walitoka pande nyingi za nchi, na mtaa uliokua baada ya vita uliendelea kupokea watu wa kila kabila. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilikwisha kuifungua njia ya watu na mizigo kutoka Unyamwezi na Usukuma hadi karibu na mlango wa soko. Jengo jipya la soko, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Biashara ya dawa ilikuwa ndani yake, kando yake na katika mitaa ya jirani, na hata moto wa Julai 2021 uliounguza jengo hilo haukuiondoa Kariakoo.

Anayetazama meza ya muuza dawa huiona jiografia ya nchi na ya bahari kwa pamoja. Habasoda, sanamaki, manemane, ubani na shubiri vimekuja na majina yake kutoka ng'ambo ya bahari. Magome na mizizi hutoka katika misitu na mapori ya Pwani, Morogoro, Tanga na mikoa ya bara, nayo hufika na majina ya waliyoichimba. Hapo ndipo kazi ya lugha huanza. Mjafari wa pwani, ambao wanabotania huuita Zanthoxylum chalybeum, kwa Msukuma ni mlungulungu. Mchuuzi anayetaka kuwauzia wote wawili hana budi kuyajua majina yote mawili, au kuchagua moja na kulifanya liwe la soko. Jina lisiloeleweka na mnunuzi haliuziki, hata kama mzizi ni ule anaouhitaji. Hivyo katika karne moja Kariakoo imefanya kazi ya usanifishaji wa istilahi pasi na kamati wala mkutano, na imeifanya kwa masharti ya biashara, si ya usahihi.

Sheria iliyohusu madaktari ya mwaka 1968 iliacha mlango wazi kwa mtu anayetambuliwa na jamii yake kuwa amefunzwa tiba za jadi, mradi asitende la kuhatarisha maisha. Miaka sita baadaye, mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitengo cha Utafiti wa Tiba za Jadi katika kitivo chake cha tiba pale Muhimbili. Ilikuwa enzi ya kujitegemea, dawa za viwandani zililipiwa kwa fedha za kigeni, na wazo kwamba misitu ya nchi inaweza kuwa duka la dawa lilikuwa na mvuto wa kisiasa na wa kisayansi pia. Mwaka huohuo wa 1974 Lloyd Swantz aliwasilisha katika chuo hichohicho tasnifu yake juu ya waganga miongoni mwa Wazaramo wa Dar es Salaam, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1990. Inaonyesha waganga wa mjini wakiendewa kwa maradhi, na pia kwa kazi iliyopotea, ndoa iliyoyumba, kesi mahakamani na mali iliyoibwa. Dawa, katika Kiswahili cha wagonjwa hao, ilikuwa na maana pana kuliko kemikali.

Kitengo kilichagua maana finyu, na hakuna sababu ya kukilaumu kwa hilo, kwani maabara haina chombo cha kupimia ndoa iliyoyumba. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, watafiti wake walizunguka nchini, wakawahoji waganga na kukusanya vielelezo vya mimea. Orodha yao, ambayo E. N. Mshiu wa Kitengo na K. E. Mshigeni wa Chuo Kikuu ni miongoni mwa waandishi wake, ilitoka kwa sehemu tatu katika jarida la kimataifa la dawa za mimea mwaka 1982 na 1983. Kuanzia mwaka 1987 ulifuata mfululizo mwingine wa S. C. Chhabra, R. L. A. Mahunnah na Mshiu juu ya mimea ya mashariki mwa Tanzania. Ni kazi za msingi, na bila hizo mengi yangalipotea pamoja na wazee waliohojiwa.

Hata hivyo mpangilio wake unastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Sehemu ya kwanza ya orodha ya mwaka 1982 huanzia familia ya Acanthaceae na kuishia Cucurbitaceae, na sehemu ya mwisho hufikia Vitaceae. Mimea imepangwa kwa alfabeti ya Kilatini, maelezo ni ya Kiingereza, na majina ya kienyeji yamewekwa ndani ya maelezo kama ushahidi. Greenway alimwanzisha msomaji kwenye Kiswahili na kumpeleka kwenye Kilatini. Hapa njia imegeuzwa. Mganga aliyelitoa jina hawezi kulipata tena jina lake kitabuni ila kwa kujua kwanza familia ya mti wake. Kiswahili na lugha za jamii zilikuwa mlango wa kuingilia maarifa, na maarifa yakatokea mlango mwingine.

Kwa mganga jambo hili lina uzito wa mali pia. Mti ulioko porini hauna mwenyewe. Kilicho mali ya mganga ni kuujua, na kuujua huanza na kuutaja. Akilitoa jina, yeyote mwenye jembe anaweza kwenda kuchimba. Ndiyo maana dawa nyingi huuzwa zikiwa unga, kwa kuwa unga huhifadhika na hupimika, lakini pia huficha. Mtafiti aliyefika na daftari alikuwa akiomba kitu ambacho mganga hakumpa hata mwanafunzi wake ila baada ya miaka ya kumtumikia. Wengi walitoa. Wengine, yumkini, walitoa jina lililo karibu na la kweli.

Majina ya magonjwa nayo yalikuwa na mitego yake. Mwaka 2005 M. J. Moshi na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na waganga 100 wa Wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam, kuhusu kifafa. Waganga 92 waliweza kuzieleza dalili zake kwa usahihi: kuanguka ghafla, kutoka povu, kujing'ata ulimi, kupoteza fahamu. Thelathini kati ya wote waliamini chanzo chake ni uchawi, lakini imani hiyo haikuwazuia kuutambua ugonjwa. Mimea 60 ilitajwa, na baadhi yake ilikwisha kuthibitishwa katika maabara kuwa hutuliza mtukutiko wa mwili. Kifafa, neno linaloonekana kujengwa juu ya kufa, lilikuwa limesimama mahali palepale ambapo daktari angeliweka neno lake.

Degedege halikusimama hivyo. Kaskazini mwa jiji, wilayani Bagamoyo, watafiti wa malaria walijikuta mbele ya neno hilo katikati ya miaka ya 1990. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1996, moja ya P. J. Winch na wenzake na nyingine ya A. M. Makemba na wenzake, zilionyesha kwamba kwa wazazi wengi homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida wa kupelekwa zahanati, ilhali degedege, mtoto anapokakamaa na kutukutika, ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye uhusiano na ndege au pepo, na wa kupelekwa kwa mganga kwanza. Wengi waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa daktari, hali hiyo mara nyingi ni malaria iliyofika ubongoni. Kampeni zilizosema malaria inatibika hospitalini zilisema kweli, na zilieleweka vyema, na hazikumhusu mtoto aliyekuwa akikakamaa. Waliotafsiri ujumbe walikuwa na Kiswahili fasaha. Walichokosa ni kujua kwamba neno moja la Kiingereza lilikuwa likigawanywa na Kiswahili sehemu mbili, na kwamba watoto walikuwa wakifa katika ile sehemu ya pili.

Mwaka 1991 Kitengo kilipandishwa hadhi kuwa taasisi, na mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kuwasajili wataalamu wa tiba hizo. Kwa mara ya kwanza waganga walipewa sheria inayowahusu wao na si wachawi. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama sheria nyingine za Tanzania kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na waliotakiwa kuifuata wengi wao hawakuisoma kwa lugha hiyo. Aidha, maneno mawili ya Kiarabu, tiba na asili, yalikwisha kuchukua nafasi ya uganga, neno la Kibantu, katika kutaja jambo linalosemwa kuwa ni la Kiafrika tangu jadi. Si kosa, ndivyo Kiswahili kinavyofanya kazi. Lakini asili ni neno lenye mtego. Mwarobaini, mti unaotajwa mbele ya mingine yote tiba hiyo inapozungumziwa, ni mti wa Bara Hindi, na jina lake linatokana na arobaini, idadi ya magonjwa unayosifiwa kuyatibu. Ulipandwa barabarani na uani, ukapewa jina la Kiswahili, na kwa jina hilo ukawa wa asili. Tiba ya Kichina, iliyoingia Muhimbili rasmi mwaka 1987 kwa mradi wa ushirikiano kuhusu UKIMWI na kisha kuenea katika zahanati binafsi za jijini zilizochunguzwa na Elisabeth Hsu, haikupata bahati hiyo. Ilibaki dawa ya Kichina, na kisheria ni mbadala. Kinachotenganisha asili na mbadala, kwa kiasi kikubwa, ni jina la Kiswahili na muda wa kulizoea.

Sheria hiyo haikumaliza utata wa zamani. Januari 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi nchini, na mwaka 2015 likafuata katazo lililowalenga wapiga ramli. Mauaji yalikuwa ya kutisha na hatua ilihitajika. Ila muuza mizizi wa Kariakoo ambaye hakuwahi kupiga ramli alijikuta tena chini ya jina moja na watu asiowajua, kama ilivyokuwa mwaka 1928.

Halafu ikaja Samunge. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Loliondo kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, na baadhi yao waliziacha dawa za hospitali. Dawa hiyo ilitokana na mti uitwao mugariga, na jina hilo, geni masikioni mwa watu wa pwani, lilikuwa nusu ya muujiza. Wanabotania waliutambua kuwa ni Carissa, kichaka cha kawaida kinachojulikana kwa Kiswahili kama mtandamboo, jina lisilotajika mbele ya wakwe na linaloashiria wazi matumizi mengine kabisa. Mti uleule ukiwa na jina la Kiswahili ulikuwa kichaka. Ukiwa na jina la mbali, ulisimamisha magari kwa kilomita nyingi.

Utafiti uliolikabili suala la majina moja kwa moja ulichelewa. Mwaka 2015 J. N. Otieno wa Muhimbili na wenzake walichapisha uchunguzi wa majina ya kienyeji ya mimea ya dawa katika masoko ya Dar es Salaam na Tanga, wakilinganisha majina ya wachuuzi na spishi za kibotania. Mwaka 2020 S. Veldman na wenzake, Otieno akiwa mmoja wao, walitoa matokeo ya kuzitambua dawa za masoko ya Tanzania kwa vinasaba, kwa sababu gome lililokauka na unga havina jani wala ua la kumwongoza mwanabotania. Tafiti hizi zilionyesha kisayansi kile ambacho soko lilikijua kwa mazoea: jina moja linaweza kufunika spishi kadhaa, na spishi moja ikabeba majina kadhaa. Mfano mwepesi ni msasa. Kwa Kiswahili ni mti wenye majani yanayokwaruza, yaliyotumika kulainishia mbao, na jina hilo hupewa Ficus exasperata, ndugu wa mkuyu, na pia Cordia monoica, ambao hauna undugu wowote na mkuyu. Kwa seremala, Kiswahili hakijakosea, maana jani lolote kati ya hayo litalainisha ubao. Kwa mgonjwa anayekunywa mchemsho wa mizizi, ni dawa mbili. Hali ya hatari zaidi ni ile ya mwarobaini na mti uitwao Melia azedarach, unaofanana nao kwa majani na kupandwa sana mijini, na ambao matunda yake ni sumu. Wasiojua huuita nao mwarobaini.

Mwaka 2020, UKIMWI ukiwa na miongo minne karibu na UVIKO ukiwa na miezi michache, tangawizi na malimau vilipanda bei masokoni, NIMR ikatoa mchanganyiko wake ulioitwa NIMRCAF, na neno nyungu likarudi vinywani mwa vijana ambao hawakuwahi kulitumia. Nyungu ni chungu, na kwa kuhamisha maana ni kujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa humo. Watu waliulizana ni majani gani hasa yanayotiwa nyunguni, na kila mmoja alijibu kwa miti ya kwao.

Vielelezo vya mimea vilivyokaushwa kwa miongo kadhaa vimehifadhiwa katika hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na miongoni mwake vimo vyenye majina ya kienyeji yaliyoandikwa na mkusanyaji siku ileile mti ulipokatwa. Katika eneo hilohilo la chuo ndiko ilikokaa TUKI, iitwayo TATAKI tangu mwaka 2009, ambako kamusi ya Kiswahili sanifu ilitayarishwa. Jina lililoandikwa pembeni ya jani na jina lililofasiliwa kuwa ni aina ya mti yanatenganishwa hapo na mwendo wa dakika chache, mfupi hata kuliko ule wa kutoka Kariakoo hadi Muhimbili.